Ndege Imefutwa, Mfuko Umepungua: Abiria wa Luano Anadai Nini na kwa Nani

Abiria anayeondokea Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, akiambiwa kwamba ndege ya leo haiji, mawazo mawili humjia kwa pamoja: kudai pesa zake papo hapo, na kutafuta tiketi nyingine kabla wenzake hawajazimaliza. Ni mawazo ya kawaida kwa mtu mwenye haraka. Lakini yuko mfanyabiashara aliyeweka akiba miezi kadhaa ili afike Dubai au Guangzhou. Yuko mgonjwa anayesubiriwa hospitalini India. Yuko mwanafunzi ambaye ukoo mzima ulichanga nauli yake. Kwa watu hao, hatua hizo mbili zikichukuliwa katika saa ya kwanza huumiza kuliko kufutwa kwenyewe kwa ndege. Ukipokea nauli yako, mkataba umekwisha, na shirika halina tena deni la kukufikisha. Nauli hiyo kwa kawaida hairudi siku hiyo, na hata ikirudi haitoshi, maana tiketi inayonunuliwa siku ya safari huwa katika bei za juu kabisa.

Deni hilo la kukufikisha ndilo mali kubwa kuliko zote alizonazo abiria aliyekwama. Watu wengi wa kwetu hulitupa kwa sababu hawakuelezwa linatoka wapi na linaishia wapi.

Kwa nini ndege haiji siku ya jua

Ndege moja hupangiwa safari kadhaa mfululizo. Ile inayotakiwa kutua Luano mchana imeamkia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, na huenda imeshapita mji mwingine njiani. Ni kama teksi-bisi moja inayokwenda na kurudi kati ya Katuba na mjini kutwa nzima: ikiharibika asubuhi, anayeumia zaidi ni abiria wa jioni aliye upande wa pili, ambaye hata hakuiona ikiharibika. Shirika lenye ndege nyingi katika kituo chake kikuu linaweza kutoa nyingine. Shirika dogo lenye ndege mbili au tatu zinazoruka halina ya akiba. Moja ikikaa chini kusubiri kipuri, ratiba ya Kinshasa, Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kisangani huanguka yote kwa mpigo.

Halafu kuna watu. Marubani na wahudumu wamewekewa ukomo wa saa za kazi na sheria za usalama. Safari ikichelewa mno ukomo hufika, na ndege hubaki chini ingawa injini ni nzima na anga ni shwari. Abiria hukasirishwa sana na jambo hili. Mimi nasema heri kulala Lubumbashi kuliko kurushwa na rubani aliyechoka. Msimu wa mvua nao una lake: ngurumo za alasiri juu ya Katanga huchelewesha kutua, na kuchelewa huko ndiko kunakozila saa za wahudumu.

Kuijua sababu si udadisi wa bure, kwa sababu sababu ndiyo inayopima deni. Hitilafu ya injini, upungufu wa wahudumu na ratiba iliyobanwa kupita kiasi ni mambo ya shirika lenyewe. Dhoruba, vita, volkano na anga kufungwa na serikali si kosa lake. Ndugu zetu wa Goma wamelipitia hili kuliko sisi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege Januari 2002, mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ukasimamisha safari tena, na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, ndege za abiria zilikoma. Kavumu, uwanja wa Bukavu, ukafuata Februari. Katika hali kama hiyo huwezi kulidai shirika likulipe hasara ya biashara yako. Nauli ni jambo jingine. Safari isiyofanyika lazima ipangwe upya au ilipwe, hata kama aliyeizuia ni volkano. Ukisikia kwenye kaunta kwamba “ni vita, hakuna kinachorudi”, usikubali.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka kwenye foleni, pata sababu kwa maandishi. Sema kwa heshima, maana yule dada wa kaunta naye hakuifuta ndege: “Mama, naomba uniandikie kwamba ndege ya leo imefutwa, na sababu yake.” Barua fupi yenye mhuri, ujumbe wa simu, barua pepe, hata picha ya ubao wa matangazo, vyote vinafaa. Maneno ya mdomo hubadilika. Asubuhi ilikuwa hitilafu, na wiki ijayo ofisi itakwambia ilikuwa mvua.

Tiketi moja au mbili

Hapa ndipo penye fundo lenyewe.

Tuseme Mama fulani wa Kamalondo anakwenda Dubai kuchukua bidhaa. Ajansi inampa njia mbili. Ya kwanza ni Lubumbashi–Addis Ababa–Dubai kwa tiketi moja. Ya pili ni Lubumbashi–Nairobi kwa shirika moja, kisha Nairobi–Dubai kwa shirika jingine, tiketi mbili, na inapungua kama dola mia moja hivi. Anachagua ya pili, na siku zote mambo yakienda sawa ameokoa pesa. Siku ndege ya kwanza ikifutwa, shirika la kwanza linadaiwa jambo moja tu: kumfikisha Nairobi. Likimfikisha kesho yake limelipa deni lote. Shirika la pili linaona kiti kilichokaa kitupu, na kwao Mama huyu ni abiria ambaye hakutokea, kwa hiyo tiketi yake huwa imepotea, au anatozwa faini na tofauti ya nauli. Hakuna aliyemdhulumu. Mikataba miwili haijuani.

Angekuwa na tiketi moja, kuchelewa kwa kipande cha kwanza kungekuwa mzigo wa shirika mpaka Dubai. Ndege ya kuunganisha ikimwacha, wanamtafutia nyingine bila nyongeza, hata kama viti vilivyobaki ni vya bei kubwa kuliko aliyolipa. Jambo hili la mwisho wengi hawalijui. Anayebadilisha safari kwa hiari yake hulipa tofauti ya bei. Aliyebadilishiwa kwa sababu ndege imefutwa halipi.

Utatambuaje? Angalia namba ya tiketi yenyewe, ile ndefu ya tarakimu 13, si kile kifungu cha herufi na tarakimu sita ambacho watu hukitumia kuangalia safari. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways, 083 ni South African Airways, 082 ni Brussels Airlines. Safari yako nzima ikiwa chini ya namba moja, una mkataba mmoja, hata kama kipande kimojawapo kinarushwa na ndege ya shirika rafiki. Ukikuta namba mbili zenye mianzo tofauti, jihesabu mwenye mikataba miwili hadi ajansi ikuthibitishie vingine. Swali jepesi la kuuliza kabla ya kulipa: “Mzigo wangu unaandikwa Lubumbashi kwenda wapi?” Wakikujibu kwamba utauchukua Nairobi na kuuandikisha upya, umeshajua.

Sisemi tiketi mbili ni haramu. Mwenye ndugu wa kumlaza Nairobi, na ruhusa ya kuingia nchini humo, anaweza kuweka usiku mzima katikati ya ndege hizo mbili na akaokoa pesa kwa usalama. Kinachowaangamiza watu ni kuweka saa tatu katikati na kuomba Mungu.

Kuna jambo jingine la ajansi ambalo laonekana dogo. Lubumbashi tiketi nyingi hulipiwa taslimu mbele ya meza ya ajansi, na anayeandika rezevesheni mara nyingi huweka namba ya simu na barua pepe ya ofisi yake. Shirika likifuta ndege usiku, ujumbe unaingia kwenye simu ya ofisi iliyofungwa. Abiria anaamka saa tisa, anakodi taksi hadi Luano, anakuta geti limefungwa. Mwambie wakala aweke namba yako ya WhatsApp na barua pepe yako, au ya kijana wako anayesoma barua pepe kila siku, na umwone akiiweka. Pia jua kwamba nauli inayorudishwa hurudi kwa njia iliyolipiwa. Ukilipa ajansi, shirika litairudisha kwa ajansi, nawe utaidai huko. Risiti ya ajansi ni hati muhimu sawasawa na pasipoti.

Sheria zinazokulinda, na zisizokulinda

Wengi wamesikia kwamba ndege ikifutwa unalipwa euro 600. Ni kweli, lakini si kwa kila mtu. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004. Inahusu ndege yoyote inayoondoka Ulaya, na ndege inayokwenda Ulaya ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa safari zinazozidi kilomita 3,500 fidia ni euro 600. Kwa hiyo anayetoka Kinshasa kwenda Brussels na Brussels Airlines analindwa. Anayetoka Lubumbashi kwenda Brussels kupitia Addis Ababa na Ethiopian halindwi na kanuni hiyo. Lakini mtu huyohuyo, akirudi kutoka Brussels hadi Lubumbashi kwa tiketi moja ya Ethiopian, analindwa, kwa sababu ameondokea Ulaya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018, katika kesi ya abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, kwamba safari yenye rezevesheni moja huhesabiwa kuwa safari moja, hata kipande kilichoharibika kikiwa nje ya Ulaya. Mwambie hivyo ndugu anayerudi nyumbani kwa likizo na kukwama Bole, uwanja wa Addis Ababa.

Kanuni hiyohiyo inatenganisha fidia na matunzo. Chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini ni matunzo, na hayakomi kwa sababu ya majanga. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya Aprili 2010, mahakama ilikuja kuamua mwaka 2013 kwamba mashirika hayakudaiwa fidia, lakini yalitakiwa kuwalisha na kuwalaza abiria siku zote walizokwama.

Kwa ndege za kimataifa zisizogusa Ulaya kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nao mwaka 2014. Ibara yake ya 19 inasema shirika linawajibika kwa hasara iliyosababishwa na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia, au kwamba hatua hizo hazikuwezekana. Angalia mzigo wa ushahidi uko kwa nani: ni kwa shirika. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, ukomo wa malipo ya kuchelewa kwa abiria mmoja ni vizio 6,303 vya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi ya dola 8,000. Lakini mkataba huu haugawi pesa kwa kipimo cha usumbufu. Unalipa hasara uliyoithibitisha: chumba ulicholipia, chakula, taksi, dawa, hoteli ya mbele uliyoipoteza. Kisicho na risiti ni vigumu kukidai. Kwa mtu mwenye pesa kidogo hiyo ni habari njema na mbaya pamoja. Hasara yake ndogo ya kweli inadaika. Uchungu wake mkubwa haudaiki.

Kwa safari za ndani, kama Lubumbashi–Kinshasa, Montreal haipo. Zinatawaliwa na sheria ya anga ya Kongo, namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, pamoja na masharti ya usafirishaji ya shirika lenyewe, yale maandishi madogo ambayo ajansi huyaruka. Yadai kabla ya kulipa. Msimamizi wa mashirika ni mamlaka ya usafiri wa anga, AAC. RVA husimamia viwanja. Ukipeleka malalamiko ya nauli kwa RVA umegonga mlango wa jirani.

Bima nayo ina mtego wake. Aliyeomba viza ya Schengen lazima awe na bima ya angalau euro 30,000, na wengi huibeba wakiamini itawalipia hoteli ndege ikifutwa. Kiasi hicho ni kwa ajili ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiugua au kufa. Kukwama hakumo, ila kama uliongeza kipengele hicho mwenyewe.

Saa za mwanzo na dola chache

Foleni inapojipanga, fanya kazi mbili kwa wakati mmoja: simama kwenye foleni, na huku mtu wako wa nyumbani anapiga simu au anaandika WhatsApp kwa ofisi ya shirika katika mji mwingine. Viti vya ndege ya kesho ni vichache, na anayefika kwenye kompyuta kwanza ndiye anayevipata, awe amesimama Luano au amepigiwa simu Nairobi. Usiulize “mtanisaidiaje?” Tafuta mwenyewe kwenye simu ndege yenye nafasi, kisha itaje kwa namba. Kama ndege zao wenyewe zimejaa, omba wakuhamishie kwa shirika rafiki. Ethiopian na South African Airways wamo katika muungano wa mashirika uitwao Star Alliance, Kenya Airways yumo katika ule wa SkyTeam. Si wajibu wa kila tiketi, lakini mfanyakazi mwenye nia njema anaweza kulifanya, na asiyeombwa halifanyi.

Mwenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee na mgonjwa waseme hali zao mapema na bila aibu, kwa sababu orodha ya ndege ijayo hupangwa kwa vipaumbele. Nimeona watu wazima wakinyamaza kwa staha huku dawa zao zimo katika sanduku lililokwisha kupelekwa kwenye stoo ya mizigo. Dawa, vyeti vya hospitali, kadi ya homa ya manjano, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi siku zote.

Vocha ya chakula na chumba iombwe kwanza, kabla hujatoa hata faranga moja. Wakikataa, waombe waandike kwamba wamekataa, au piga picha ukiwa mbele ya kaunta iliyofungwa, kisha gharimia mwenyewe kwa kiasi na uweke risiti. Kiasi ni neno la msingi hapa: sahani ya bukari (ugali) na samaki italipwa, meza ya watu sita yenye bia haitalipwa. Aliye Lubumbashi na ana kwao katika mitaa ya Kenya au Ruashi arudi nyumbani, lakini risiti ya taksi ya kwenda na kurudi Luano nayo ni hasara ya kudaiwa. Mwombe dereva aiandike na kutia sahihi. Aliyekuja kutoka Kolwezi au Likasi ana madai makubwa zaidi, na ndiye hasa asiyestahili kulazwa kwenye kiti cha plastiki.

Kama umeshapita kwa watu wa uhamiaji wa DGM na pasipoti imegongwa muhuri wa kutoka, usirudi mjini kabla muhuri huo haujafutwa. Risiti ya Go Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, itunze pia.

Ukikwama ugenini, pesa zina tabia tofauti. Salio la M-Pesa, Airtel Money au Orange Money la Kongo halikusaidii dukani Bole wala O.R. Tambo ya Johannesburg, kwa hiyo sehemu ya pesa iwe dola mkononi, noti safi zisizochanika. Kwetu tunajua noti yenye mpasuko mdogo inavyokataliwa, na ugenini ni hivyohivyo kwa noti chakavu. Nyumbani aweko mtu mmoja, mmoja tu, aliyekubaliwa kutuma pesa. Jina aliandike kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi tuna jina, jina la pili la ukoo na jina la ubatizo. Mtumaji akiandika mawili na kuacha la tatu, au kumwita mtu kwa jina la nyumbani, dirisha la Western Union halitatoa pesa, na wewe utalala njaa karibu nazo.

Waliokwama pamoja wakae pamoja. Taksi moja watu wanne, chumba kimoja wawili wawili, na mtu mmoja mwenye lugha ya kuzungumza kwa niaba ya wote. Asiwe yule anayepaza sauti kuliko wengine. Sauti kubwa huwaleta polisi kabla ya kuleta ndege.

Ukuta wa viza

Haya yote huandikwa katika vitabu vya safari kana kwamba kila abiria anaweza kutoka uwanjani na kutafuta chumba cha bei nafuu. Mwenye pasipoti ya Kongo hawezi kila mahali, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika mada hii yote. Uliyekwama Johannesburg bila viza ya Afrika Kusini unabaki ndani ya eneo la wanaounganisha ndege, hata kama dada yako anakaa Yeoville na ameshapika. Usipoteze saa kujadiliana na afisa wa mpakani. Rudi kwenye dawati la shirika, kwa sababu wao ndio waliokuleta, nao ndio wanaoweza kuwasiliana na uhamiaji wa nchi ile kuomba ruhusa ya usiku mmoja, au kukutafutia mahali pa kulala ndani.

Hatari zaidi ni pale unapopewa njia mpya. Mfanyakazi, kwa wema kabisa, anakwambia: “Nimepata nafasi kupitia Paris.” Kongo imo katika orodha ya nchi 12 ambazo raia wao wanahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, hata wasipotoka nje ya eneo la kuunganisha. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano wenye viza halali ya Schengen, ya Marekani au ya Kanada. Wengine watazuiwa mlangoni pa ndege, na hapo shirika litasema kosa ni lako kwa kuwa ulikubali njia. Kabla ya kusema ndiyo, taja uraia wako kwa sauti na uulize kila mji utakaoupitia.

Viza ya nchi unakokwenda pia hupungua siku wakati umekaa. Ile barua ya kufutwa kwa ndege uliyoipata mwanzoni ndiyo utakayomwonyesha balozi au mwajiri.

Kupita Kasumbalesa

Wapo wanaosema: kwa nini nisubiri, Ndola ya Zambia si iko pale? Ni kweli. Kutoka Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa hakufiki kilomita 100, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, hadi Ndola penye uwanja wa kimataifa. Jumla ni zaidi ya kilomita 200. Ni njia ya kweli, na mara nyingine nauli kutoka Ndola au Lusaka huwa nafuu. Lakini hesabu yake iwe kamili: taksi hadi mpakani, masharti ya kuingia Zambia, foleni ya malori ya shaba yanayoziba barabara, usiku mmoja njiani. Na mpaka wenyewe unaweza kufungwa: Agosti 2024 Zambia iliufunga kwa muda kwa ugomvi wa biashara ya vinywaji.

Kuna kitanzi kingine. Ukiacha kipande cha kwanza cha tiketi yako na kwenda kupandia mbele ya safari, kompyuta itakuhesabu hukutokea na itafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Usivuke Kasumbalesa kabla shirika halijaandika upya tiketi yako ianzie Ndola. Mashirika mengine hukubali, hasa kama yenyewe yanaruka huko.

Wa Bukavu huvukia Rusizi, upande wa Rwanda, hadi uwanja wa Kamembe, wa Goma huenda Kigali kwa barabara, na kanuni ni ileile: tiketi ibadilishwe kwanza, gari baadaye.

Kudai baada ya kufika

Ukishafika, andika madai ndani ya juma la kwanza, karatasi zingali pamoja na kumbukumbu ingali moto. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya tiketi, namba ya ndege, tarehe, sababu waliyokupa, ulichokitumia, picha za risiti, na kwa safari ya kimataifa utaje Ibara ya 19 ya Mkataba wa Montreal. Peleka kwa shirika lenyewe, nakala kwa ajansi. Ikiwa mzigo ulichelewa, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 21 tangu ulipoupokea. Ikiwa uliharibika, ndani ya siku saba. Uliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard una mlango mwingine: benki yako inaweza kupinga malipo ya huduma ambayo haikutolewa, kwa kawaida ndani ya siku 120. Uliyelipa taslimu huna mlango huo.

Wakikupa vocha ya safari badala ya pesa, soma tarehe yake ya mwisho na uulize kama mtu mwingine anaweza kuitumia. Vocha ya mwaka mmoja kwa mtu anayesafiri mara moja katika miaka mitatu ni karatasi tu, na kwa safari iliyofutwa na shirika una haki ya kusisitiza pesa.

Wasipojibu, muda wa kufungua shauri chini ya Montreal ni miaka miwili tangu siku uliyofika au uliyopaswa kufika. Wala hulazimiki kwenda kushtaki Addis Ababa au Nairobi. Mkataba unaruhusu kesi ifunguliwe mahali safari inapoishia, na kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Luano, mwisho wa safari ni Lubumbashi.